Moduli na kompaila kwenye klasta ya pamoja: dhana potofu na ukweli

Mtafiti anayepewa akaunti ya klasta kwa mara ya kwanza huingia akiamini kwamba amekabidhiwa kompyuta kama ile aliyoiacha mezani, ila kubwa zaidi. Kutokana na imani hiyo huzaliwa karibu makosa yote yanayoelezwa hapa, kwa maana klasta ni kompyuta nyingi zilizounganishwa, zinazotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na toleo la programu analolihitaji mmoja laweza kuvuruga kazi ya mwenzake.

Dhana: Kupakia moduli ni kusakinisha programu.

Amri ya `module load` haisakinishi chochote. Wasimamizi wa mfumo wamekwisha kuijenga programu na kuliweka kila toleo katika saraka yake. Moduli hubadilisha tu vigeu vya mazingira, hasa PATH, kinachouelekeza mfumo mahali pa kutafuta programu, na mara nyingi LD_LIBRARY_PATH, kinachoelekeza zilipo maktaba zake, yaani mafungu ya msimbo ambayo programu huyategemea. Ukifunga kipindi chako cha kuingia kwenye klasta, mabadiliko hayo hutoweka. Utaratibu huu ulielezwa na John Furlani mwaka 1991, na hadi leo ndio msingi wa kazi.

Lmod, mfumo ulioandikwa na Robert McLay katika kituo cha kompyuta kuu cha Texas, Marekani, uliongeza jambo lenye manufaa makubwa, nalo ni kupanga moduli kwa ngazi: unachagua kompaila kwanza (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), kisha MPI (maktaba ya kupelekeana ujumbe kati ya michakato), ndipo maktaba zilizojengwa kwa viwili hivyo zinapoonekana. Kwa hiyo anayeandika `module avail`, amri ya kuorodhesha moduli zinazopatikana, asiione maktaba yake asiharakishe kuwaandikia wasimamizi kwamba haipo. Atumie `module spider`, ambayo hutafuta katika ngazi zote na kumweleza apakie nini kwanza.

Dhana: Maktaba ikishajengwa, kompaila yoyote itaitumia.

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nyingi zaidi, nami ningependa kila anayeanza alielewe jambo hili kabla ya mengine. Kompaila mbili zaweza kusoma msimbo uleule na kutoa matokeo yasiyopatana. Katika Fortran, faili zenye kiambishi `.mod` ni za kompaila iliyozitengeneza: za gfortran, kompaila ya Fortran ya mradi wa GNU, hazisomwi na kompaila ya Intel, na hata ndani ya gfortran kwenyewe, faili za toleo la 7 hukataliwa na toleo la 8. Katika C++, GCC 5, toleo la mwaka 2015 la kompaila za GNU, ilileta umbo jipya la `std::string`, aina ya data ya maandishi, kiasi kwamba maktaba iliyojengwa kwa umbo la zamani ikiunganishwa na programu ya umbo jipya, kiunganishi (programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa) hulalamika kuwa hakioni majina ambayo wewe unaona kwa macho yako kwamba yamo. MPI nayo ni hivyo hivyo. Kati ya matoleo yake mawili yanayotumika sana, Open MPI huwakilisha kundi la michakato kwa kielekezi, ilhali MPICH hutumia namba kamili. Programu iliyojengwa kwa moja haiendeshwi kwa nyingine kwa kubadilisha moduli tu. Ukibadilisha kompaila au MPI, futa mabaki ya ujenzi uliopita na ukompaili upya tangu mwanzo.

Dhana: Bila mamlaka ya msimamizi huwezi kusakinisha lolote.

Programu nyingi hukubali kuelekezwa kwenye saraka yako mwenyewe kwa chaguo la `--prefix`. Spack, iliyoanzia maabara ya Lawrence Livermore, na EasyBuild ya Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, hujenga programu pamoja na mahitaji yake yote bila mamlaka hayo. Mwenye kutumia Conda, chombo kingine cha kusakinisha programu, akumbuke tu kwamba mazingira yake huwa na maelfu ya faili ndogondogo, na klasta nyingi huweka kikomo cha idadi ya faili, si cha ukubwa peke yake.

Dhana: `-march=native` huongeza kasi popote.

Chaguo hilo huijenga programu kwa ajili ya prosesa ya mashine unayokompailia. Nodi (kompyuta mojawapo ya klasta) ya kuingilia ikiwa na prosesa mpya kuliko nodi za kukokotoa, programu huweza kuanguka papo hapo kwa kukutana na agizo lisilotambulika.

Dhana: Moduli zote ziwekwe kwenye `.bashrc` ili zipakiwe zenyewe.

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, lakini hufanya matokeo yategemee faili iliyofichika ambayo mwenzako hana. Tena Slurm, programu inayopanga na kuendesha kazi kwenye klasta, isipoagizwa vinginevyo, huibebesha kazi mazingira ya kipindi ambacho uliituma kazi hiyo, hivyo moduli uliyoipakia asubuhi kwa jaribio jingine huingia katika kazi ya jioni bila wewe kujua. Hati ya kazi, yaani faili ya amri unayoipa Slurm, ianze kwa `module purge`, inayoondoa moduli zilizokwisha kupakiwa, kisha itaje kila moduli pamoja na namba ya toleo lake, kwa kuwa jina lisilo na namba hufuata toleo la msingi, na toleo hilo wasimamizi hulibadilisha wanapoboresha mfumo.