Sikio la Kupandikizwa: Ya Barazani na Ya Kweli

“Mwacheni, babake naye alichelewa kusema.” Hapa Lamu maneno haya hutolewa mtoto anapofika miaka miwili haitikii jina. Katika dhana zote potofu za barazani kuhusu kipandikizi cha koklea, mtambo wa kumwezesha kiziwi kusikia unaoingizwa kwenye koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio yenye umbo la konokono, hii ndiyo inayoumiza zaidi. Aliyezaliwa kiziwi, ubongo wake hushika sauti vyema katika miaka mitatu hivi ya mwanzo. Baadaye kazi huwa ngumu. Udongo upate uli maji. Marekani iliruhusu kipandikizi cha koklea kwa watoto wa miaka 2 mwaka 1990, ikashuka hadi miezi 12 mwaka 2000, na kwa baadhi ya mitambo miezi 9 mwaka 2020. Uziwi ukiletwa na homa ya uti wa mgongo, haraka huzidi, maana koklea huweza kujaa mfupa na waya wa mtambo ukakosa pa kupita.

Wengine hudhani ni shimesikio tu, kile kifaa cha wazee kinachopiga mluzi, ila cha bei kubwa. Sivyo. Shimesikio hukuza sauti. Kipandikizi huiacha njia iliyoharibika kikashika nyingine: maikrofoni hunasa sauti, kichakataji huigeuza ishara, koili iliyonaswa kichwani kwa sumaku huzipitisha chini ya ngozi, na waya mwembamba wenye elektrodi, yaani ncha ndogo za kupitisha umeme, mara nyingi 22, huamsha neva ya kusikia. Ubongo haupasuliwi; hutobolewa mfupa wa nyuma ya sikio.

Halafu kuna zile video za mtoto anayetabasamu mtambo ukiwashwa. Zimewadanganya wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Mtambo kwa kawaida huwashwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, na mtoto huanza kusikia kama kichanga wa siku moja: miezi ya kuzungumzishwa, kuimbiwa, kurudiwarudiwa. Mtu mzima naye husema mwanzoni watu wote wanaongea kama roboti. Mtambo hurekebishwa tena na tena, na kwa mtu wa Lamu hiyo ni boti hadi Mokowe, kisha basi, kisha Nairobi. Watu huuliza bei ya mtambo, nauli hawaiulizi. Afadhali siku hizi baadhi ya mitambo hurekebishwa kwa mbali kupitia intaneti.

Wazee? Umri wa mwisho haupo, mwili ukiweza upasuaji. Aliyesikia na kusema kabla ya kuziba masikio ana akiba ya lugha kichwani.

Ati mtoto akipandikizwa, mikono ikatazwe ishara asije akazembea kusema. Katiba ya 2010 yenyewe imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sisi ni nani tuikataze? Tena kipande cha nje cha mtambo huvuliwa wakati wa kulala, na betri huisha. Wenzake wakiruka baharini pale gatini, naye ataruka, lakini kwanza atakivua ampe mamake. Akiwa majini, ukitaka kumwita, mpungie mkono.