Injini ya oto inakubali manyuo, tena vizuri tu
Kuna haya maneno ya siku nyingi eti pikapu ya zamani iliyotoka kiwandani na oto (giaboksi inayobadili gia yenyewe), mfano Chevrolet C10 ya 1970 kule Marekani, ukitaka manyuo (gia za kubadili kwa mkono) lazima ununue na injini nyingine. Si kweli jamani. Ile V8 ndogo, injini ya silinda nane, ni ileile, matundu ya bolti kule nyuma yanakubali giaboksi zote mbili. Inatoka bamba jembamba la oto inaingia flaiwili nzito (gurudumu la chuma linalobeba klachi) na klachi, halafu unaweka kibushi kidogo, kipete cha kushikilia ncha ya shafti ya giaboksi, mwisho wa krankshafti (shafti kuu ya injini), ukikisahau shafti ya giaboksi inacheza. Kazi ya kuchosha hasa ni pedeli ya klachi na vyuma vyake, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) nayo inaweza isilingane urefu. Na swichi inayozuia starta mpaka gia iwe P (ya kuegesha) au N (huru), ihamishie kwenye klachi, la sivyo haiwaki.