Garimoshi la Zamani Lilivyoongezewa Nguvu Huku Likipunguziwa Makaa

Mama yeyote aliyehamia Mbeya kutoka Dar es Salaam anajua kwamba huku maharage hayaivi upesi. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanachemka yakifika nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Ukitumia sufuria ya presha mambo yanabadilika: mvuke unabanwa ndani, maji hayachemki mpaka joto lipande zaidi, na maharage yanaiva. Boila ya kiwandani ni sufuria hiyo hiyo, ila ni kubwa na kuta zake ni nene. Kwenye shinikizo la mara 12 ya lile la hewa ya pwani, maji huchemka kwenye nyuzi 190 hivi.

Nafundisha mafundi wa boila. Wengi wao wanakwenda kwenye viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi, ambako kuni za mikaratusi zinachemsha maji na joto la mvuke linakausha majani. Kila ninapopokea kundi jipya naanza na garimoshi, na kila mara hakosekani wa kuuliza, "Mwalimu, hizo si zilishakufa?" Swali ni la haki. Reli ya TAZARA inayopita hapa mjini ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na ikaanza kazi na vichwa vya dizeli. Anayeiita treni ya Mbeya garimoshi anatumia jina lililotoka Reli ya Kati na ile ya Tanga. Jibu langu ni kwamba hakuna watu waliougombania mvuke kilo kwa kilo kama mafundi wa reli. Boila ya kiwanda imekaa chini. Ukiona mvuke hautoshi, unaongeza kuni. Garimoshi linabeba makaa yake ya mawe, maji yake na mzigo wa watu, linapanda mlima, na boila yake haiwezi kunenepa kupita upana wa mahandaki. Likiishiwa mvuke katikati ya mlima, linasimama hapo hapo na abiria wake.

Moto unawaka kwenye tanuri, karibu na anaposimama dereva. Gesi za moto zinapita ndani ya mirija mingi iliyozungukwa na maji na kutokea mbele, chini ya dohani. Mvuke unakusanyika juu ya maji, unashuka kwa bomba hadi kwenye silinda, unasukuma pistoni, magurudumu yanazunguka. Mvuke uliokwisha kazi hautupwi hivi hivi. Unapulizwa juu kupitia mdomo mwembamba ulio chini ya dohani, na unapotoka kwa kasi unakokota gesi za moto pamoja nao, nazo zinavuta hewa mpya kutoka chini ya makaa. Ile sauti ya garimoshi kukohoa ndiyo pumzi ya moto wake. Dereva akifungulia mvuke zaidi, moto nao unapulizwa zaidi, bila mtu kugusa kitu kingine. Nimefundisha jambo hili mara nyingi na bado linanifurahisha.

Tatizo lilijificha kwenye mdomo huo huo. Ukiubana, moto unapata hewa nyingi, lakini mvuke unachelewa kutoka kwenye silinda na pistoni inarudi ikipambana nao. Ukiupanua, pistoni inakuwa huru, moto unazubaa. Injini ya kawaida ya mwanzoni mwa karne ya 20 iligeuza kuwa kazi ya kuvuta mabehewa sehemu sita au saba hivi tu kati ya mia za joto la makaa yake. Zilizobaki zilipotea, nyingi zikienda na mvuke na moshi.

Hatua kubwa ya kwanza ilitoka Ujerumani. Mvuke unaotoka moja kwa moja juu ya maji ni mbichi: ukigusa ukuta wa silinda uliopoa kidogo, sehemu yake inarudi kuwa maji, na maji hayasukumi pistoni. Wilhelm Schmidt aliuchukua mvuke huo na kuurudisha motoni kwenye vijibomba vyembamba kabla haujafika kwenye silinda, ukatoka mkavu na wa moto kiasi cha kutoweza kugeuka maji njiani. Injini za kwanza za namna hiyo ziliingia relini Prussia mwaka 1898. Reli nyingi duniani zikaanza kuzirudisha karakana injini zake za zamani ili zitiwe vijibomba hivyo.

Aliyekwenda mbali kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Mfaransa André Chapelon wa reli ya Paris-Orléans. Reli hiyo ilikuwa na vichwa vya abiria vilivyoanza kujengwa mwaka 1909, vyenye nguvu za farasi 2,000 hivi. Vilikuwa na sifa mbaya ya kula makaa mengi kuliko kazi vinayofanya. Chapelon hakuomba injini mpya. Aliufuatilia mvuke tangu kwenye boila hadi kwenye dohani, akipima shinikizo linavyopungua kila kona, akakuta kwamba sehemu kubwa ya nguvu inaishia ndani ya mabomba na vali, kabla haijafika kwenye pistoni. Ni kama mfereji wa shamba la mpunga kule Usangu: maji yapo mtoni, lakini ukibanwa na matope, shamba la mwisho halipati kitu.

Basi akachagua kichwa kimoja, namba 3566, kikaingia karakana ya Tours. Mabomba ya mvuke yakapanuliwa. Vali za kuteleza zikaondolewa, zikawekwa zinazofunguka na kufunga haraka. Mvuke ukakaushwa hadi karibu nyuzi 400. Maji ya kuingia kwenye boila yakawa yanapashwa kwanza na mvuke uliokwisha kazi, yasiingie ya baridi. Na pale chini ya dohani, kwenye ule mdomo wenye ugomvi, aliendeleza ubunifu wa Mfini Kyösti Kylälä: badala ya kupuliza mvuke kama mkuki mmoja, aliugawa katika vijito kadhaa vinavyogusana na moshi mwingi zaidi, akaweka na dohani mbili. Moto ukavutwa vizuri bila pistoni kukabwa.

Kichwa 3566 kilitoka karakana Novemba 1929. Fremu ile ile, magurudumu yale yale, nguvu za farasi zipatazo 3,000, na kwa kazi ile ile kikala makaa machache kuliko ndugu zake. Dohani ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye injini ya Uingereza iitwayo Mallard siku ya tarehe 3 Julai 1938, ilipofikia kilometa 203 kwa saa, rekodi ambayo injini za mvuke hazijaivunja.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake, na ningependa vijana wetu waijue. Shirika la reli la wakati huo lilizitia injini zake nyingi dohani ya Mwaustria Adolph Giesl-Gieslingen. Inatambulika kwa mbali: si duara, ni bapa na ndefu, kama mdomo wa bahasha uliofunguliwa, na chini yake matundu madogo ya mvuke yamepangwa mstari mmoja. Nenda jumba la makumbusho ya reli Nairobi utaiona juu ya kichwa namba 5918, Mount Gelai, kilichopewa jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron upande wetu. Kilikuwa kimoja kati ya 34 vilivyojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, tani 252 kila kimoja, vikichoma mafuta mazito. Si vya mwanzo wa karne, lakini hesabu ya mdomo na dohani ni ile ile.

Baada ya hapo kazi ilihamia kwenye moto wenyewe. Livio Dante Porta wa Argentina aliona kwamba hewa kali inayopita chini ya makaa inayapeperusha madogo hadi nje kabla hayajaungua. Akaweka tabaka nene la makaa, akapunguza hewa ya chini, akaichanganya na mvuke kidogo ili majivu yasiyeyuke na kugandamana mabonge, kisha akaingiza hewa nyingi juu ya moto. Makaa yanatoa gesi kwanza, gesi inaungua juu. Anayechoma mkaa porini anaifahamu gesi hiyo. Ndiyo moshi mzito unaomtoa machozi, na ni nishati inayokwenda zake. Mwaka 1981 David Wardale alitumia mawazo ya Porta kwenye kichwa namba 3450 cha Afrika Kusini, katika karakana ya Salt River, Cape Town. Kilipakwa rangi nyekundu, na kikaokoa zaidi ya robo ya makaa ukilinganisha na vya aina yake.

Dizeli ilishinda hata hivyo. Inawashwa na kuondoka, wakati boila baridi inahitaji saa kadhaa kupata mvuke. Lakini boila za chai hazikuondoka, na hapa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, kwa hiyo uvutaji wa hewa kwenye moto unahitaji uangalifu zaidi. Dohani ikitoa moshi mweusi muda mrefu, fungua hewa ya juu ya moto kabla ya kuongeza kuni. Kuni zikauke chini ya paa. Gogo bichi linatumia moto wako kuchemsha maji yake lenyewe.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wa reli hawakulifanyia mzaha hata siku moja, nalo ni kina cha maji. Kwenye dari ya tanuri wakaweka kizibo chenye madini laini ya risasi, ambacho huyeyuka maji yakipungua na kumwaga mvuke motoni.

Miaka kadhaa nyuma niliingia chumba cha boila cha kiwanda kimoja nikakuta kioo cha maji, kile kijibomba cha kioo kinachoonyesha kina cha maji ndani ya boila, kinaonyesha nusu. Kilikuwa kimetulia tuli. Maji ya boila inayofanya kazi hayatulii hivyo, yanachezacheza. Nikamwomba kijana wa zamu afungue koki ya chini ya kioo. Maji yakamwagika, akafunga, tukasubiri. Hayakurudi. Njia ya chini ilikuwa imezibwa na ukoko, na kile tulichokuwa tunakiona ni maji yaliyonaswa kwenye kioo. Tulitoa moto nje, hatukuthubutu kusukuma maji ya baridi juu ya chuma ambacho huenda kilishakuwa chekundu. Boila ilipopoa tukaona maji yamebaki upana wa vidole viwili juu ya mirija.

Mrija mmoja wa boila ile, uliokuja kubadilishwa baadaye, nilipewa, nikaukata kwa urefu. Upo mezani kwenye karakana yetu ya kufundishia. Kwa nje, upande uliokuwa majini, kuna ukoko mweupe mnene kama sarafu mbili zilizobebana, mgumu kama ule wa chini ya birika, na mahali ulipozidi kuwa mnene chuma kimevimba kwa ndani kwa sababu joto halikupata pa kwenda. Kila kundi jipya naliambia lipitishe kidole hapo kwenye uvimbe, kisha tunakwenda kwenye boila ya mazoezi na kila mmoja anafungua koki ya kioo kwa mkono wake na kuhesabu sekunde mpaka maji yarudi.