Je, wajua? Tairi mbili mpya hufungwa nyuma, hata kwa gari linalovuta kwa mbele

Mfuko umeruhusu tairi mbili tu, si nne. Zifungwe wapi, mbele au nyuma?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa mbele, na nililitoa kwa sauti ya mtu aliyesomea. Vitz yangu, sawa na Passo, Starlet na ndugu zao karibu wote, inavuta kwa tairi za mbele. Inakata kona kwa hizohizo. Ukikanyaga breki, uzito unalalia mbele. Injini iko mbele, na dereva mwenyewe anatazama mbele. Za nyuma zina kazi gani zaidi ya kuburuzwa kama mkokoteni? Nikamwambia fundi azitie zile mpya mbele, za nyuma aziache, bado zina kashata kidogo, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga lami. Fundi hakubisha. Mafundi wengi hawabishi jambo hili, maana nao wanaamini hivyohivyo.

Jibu sahihi ni nyuma. Ndivyo wanavyoshauri watengenezaji wakubwa wa tairi, Michelin na Continental wakiwemo, na wanasema hivyo bila kujali gari linavuta kwa mbele, linasukuma kwa nyuma au linatumia zote nne. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani limeandikwa kinyume kwa bahati mbaya.

Mambo ya ukubwa tuyapitie haraka, kwa kuwa yameandikwa ubavuni mwa tairi na hayana siri. Kwenye 165/70R14 81S, 165 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 81 ni alama ya uzito: tairi moja inabeba hadi kilo 462. S ni mwendo wa mwisho wa tairi, kilomita 180 kwa saa, ambao injini ya lita moja itaufikia labda gari likidondoka mlimani. Ukikosa saizi hiyo dukani ukapewa 175/65R14, kipenyo kinapungua kutoka milimita 587 hadi 583. Spidomita haitajua. Angalia tu alama ya uzito isishuke, na tairi mbili za ekseli moja zifanane.

Sasa maji, maana ugomvi wote uko kwenye maji. Kwenye lami kavu unaweza kuzifunga mpya popote na usione tofauti hadi unaliuza gari.

Chukua barabara wakati wa masika, yenye maji ya milimita tatu, yasiyotosha hata kufunika soli ya ndala. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi inayogusa chini kwa upana wa sentimita 14 inakutana na lita tisa na kitu za maji kila sekunde. Ndoo ya lita 20 ingejaa ndani ya sekunde mbili na ushei, na hiyo ni tairi moja. Maji hayo yana njia mbili tu za kutoka: pembeni, au ndani ya ile mifereji iliyo kati ya kashata. Muda wenyewe ni finyu, kwa sababu kila kipande cha mpira kinalala juu ya lami kwa chini ya moja ya mia ya sekunde kabla ya kuinuka tena.

Fikiria watu wanaotoka uwanjani baada ya mechi. Mageti yakiwa mapana wanatoka wakipiga soga. Yabane yabaki matundu, na umati uleule, bila kuongezeka hata mtu mmoja, utaanza kusukuma uzio. Mifereji ndiyo mageti. Tairi mpya ya gari dogo ina mifereji yenye kina cha milimita saba au nane. Ndani yake kuna vijituta vidogo, na kashata zikiisha mpaka zikawa sawa navyo, umebaki na milimita 1.6, ambayo ni kikomo cha sheria katika nchi za Ulaya. Kabla hata ya kufika huko, mageti yameshabanwa sana. Maji yasiyopata njia yanasukuma kwenda juu, yanaingia kati ya mpira na lami, na tairi inaelea. Kuanzia hapo usukani na breki vinaongea na maji, na maji hayana la kujibu.

Waliolipima jambo hili kwa bidii hawakuwa watu wa magari. Walikuwa watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliochapisha kazi yao mwaka 1963 kuhusu magurudumu ya ndege kwenye njia zilizolowa. Walipata kanuni rahisi ajabu: mwendo wa kuanza kuelea unategemea upepo uliomo ndani ya tairi. Ukiitumia kwa gari dogo ambalo fundi amelijaza upepo wa thelathini (psi) kwenye geji, unapata kama kilomita 91 kwa saa. Ukiacha upepo ushuke hadi ishirini, unapata kama 75. Namba hizo zisichukuliwe kama amri. Zinahusu maji yenye kina kinachozidi mifereji, na tairi ya gari haina umbo la tairi ya ndege. Tairi kipara huelea mapema, na mpya huchelewa. Kilicho wazi ni mwelekeo: upepo pungufu unakusogeza karibu na kuelea, na kwa Watanzania wengi geji ni kitu cha fundi peke yake.

Hadi hapa mtu anaweza kusema: basi, zote zinaelea, kwa hiyo mbele kuna shida gani? Shida ni kwamba kuelea kwa mbele na kuelea kwa nyuma ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mshale una manyoya nyuma. Manyoya hayaupi nguvu wala shabaha. Kazi yake ni moja: kichwa kikiyumba, manyoya yanakamatwa na hewa na kuurudisha mkia mahali pake, nyuma ya kichwa. Yang'oe uyafunge kwenye ncha, na mshale utageuka angani uende mkia mbele. Tiara ya mtoto isiyo na mkia inafanya vituko vya namna hiyohiyo. Wenye majahazi nao hawahitaji kufundishwa: omo inapasua maji, lakini usukani uko tezi. Tairi za nyuma za gari hazikati kona kwa kugeuka, na ndiyo maana tunazidharau, lakini ndizo manyoya. Mradi zimeshika, chombo chote kinabaki kikitazama kinakokwenda.

Au chukua mwiko jikoni. Ushike kwa ncha ya juu uuache uning'inie, kisha uuguse. Utayumba kidogo na kurudi. Sasa usimamishe wima juu ya kiganja na uuguse tena. Kuanguka kwake hakuhitaji msaada wako: ukianza kuinama, kila kinachofuata kinauinamisha zaidi. Gari lililopoteza mshiko wa mbele ni mwiko unaoning'inia. Gari lililopoteza mshiko wa nyuma ni mwiko juu ya kiganja.

Tuangalie kwenye kona yenye maji. Mbele zikielea, unakata usukani lakini gari linataka kwenda moja kwa moja. Inatisha. Ila usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama vile umekatika, na karibu kila binadamu anafanya kitu kilekile: anatoa mguu kwenye mafuta. Kwa bahati nzuri hicho ndicho kinachotakiwa. Gari linapungua mwendo, uzito unaegemea mbele, tairi zinabanwa chini na kushika tena.

Nyuma zikielea, mkia unatoka nje ya kona. Binadamu yuleyule anatoa mguu kwenye mafuta, kwa woga uleule. Safari hii uzito unaoegemea mbele unatoka nyuma, kule kulikokuwa kwepesi tangu mwanzo, kwa sababu gari dogo lenye dereva peke yake limebeba sehemu kubwa ya uzito wake mbele. Mkia unazidi kutoka. Kuurudisha kunahitaji kukata usukani kuelekea upande unakoteleza mkia, kwa kiasi sahihi na kwa wakati sahihi, kisha kuunyoosha kabla gari halijatupwa upande wa pili. Madereva wa mashindano wanaliweza hilo. Mimi nililifahamu kwa nadharia, siku ya mvua kati ya Chalinze na Segera, nikiwa nimesimama majanini nikitazama nilikotoka. Hakuna aliyeumia. Tairi mpya zilikuwa mbele, safi kabisa.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba zile mpya zilinidanganya. Mbele kukiwa kuzima, usukani unabaki mzito na mtulivu hata maji yakiwa mengi. Hupati onyo lolote, hivyo huoni sababu ya kupunguza. Habari za kwanza unazozipata zinatoka nyuma, na zinafika zimeshaiva. Tairi zilizochoka zikiwa mbele, zinalalamika mapema, na zinalalamikia mikononi mwako.

Kuna pingamizi ambazo nilizishikilia kwa muda. Ya kwanza: tairi za mbele si zinafagia maji, za nyuma zipite pakavu? Kwenye mstari ulionyooka ni kweli kwa kiasi. Kwenye kona, tairi za nyuma hazikanyagi palepale zilipopita za mbele, na kona ndipo unapozihitaji.

Ya pili ndiyo maarufu zaidi vijiweni: tairi ikipasuka mbele, usukani unakuponyoka, kwa hiyo nzuri ziwe mbele. Hapa watu wanachanganya kuisha na kupasuka. Tairi hupasuka kwa kuzidishiwa mzigo, kukimbizwa na upepo mdogo, kuchanika au kuzeeka. Tairi unayoogopa kwamba itapasuka haina mahali pake kwenye gari, wala nyuma haitakuwa mpole, kwa sababu ileile ya manyoya.

Ya tatu ina ukweli. Breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa, kwa hiyo mpya zikiwa mbele gari linaweza kusimama mapema kidogo kwenye lami iliyolowa, likiwa limenyooka. Wanaoshauri nyuma wanalijua hilo, wanachagua kupoteza mita chache kuliko kupoteza mkia. Ni uchaguzi, na mtu asiyetoka kabisa mjini, anayetambaa kwenye foleni kwa mwendo wa baiskeli, anaweza kuupima kivyake. Niongeze pia kwamba majaribio mengi yanayoonyeshwa kuhusu jambo hili yamefanywa na kampuni zenye tairi za kuuza, kwenye viwanja laini vilivyomwagiwa maji. Yanatuambia machache kuhusu tope la Kilolo au vumbi la Dodoma. Kinachonifanya niwaamini ni kwamba wanauza tairi mbili vilevile, zikienda mbele au nyuma, hawapati shilingi zaidi. Magari ya kisasa yana mfumo wa kielektroniki unaozuia mkia kuponyoka kwa kubana breki ya gurudumu moja moja, na Ulaya ni lazima kwa magari mapya tangu 2014. Vitz na Passo nyingi za miaka ya 2000 tulizonazo hazina.

Haya yote yana sharti moja: tairi unazohamishia mbele ziwe bado na maisha. Usihamishe kipara. Na usidanganyike na kashata nene za tairi ya mtumba. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama ni tatu tu, tairi hiyo imetengenezwa kabla ya mwaka 2000, na umeshika kitu cha makumbusho. Michelin wanashauri tairi ikaguliwe kila mwaka ikishatumika miaka mitano, na itolewe ikifika miaka kumi tangu itengenezwe hata kama inang'aa. Alama hiyo mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi, na ikishafungwa, kwa bahati isiyoelezeka, upande huo huwa wa ndani. Isome kabla fundi hajaanza kazi.

Siku hizi nanunua mbili mbili. Mpya zinaingia nyuma, zilizokuwa nyuma zinahamia mbele ambako zinaliwa haraka kwa kuvuta na kukata kona, zikiisha nazitoa na mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo kila tairi inaanza kazi mkiani na kufia mbele, na hakuna inayopata nafasi ya kuzeekea kwenye gari. Fundi anadai hela ya kufungua magurudumu manne badala ya mawili. Hapo ana haki.