Rili ni nini? Lahani za ngoma za Ireland kwenye filimbi ya bati

Rili ni lahani ya kuchezea ngoma. Ilitoka Scotland, ikaingia Ireland katika karne ya 18, na leo ndiyo inayosikika zaidi popote wapiga muziki wa asili wa Ireland wanapokutana. Kuitambua si kazi: hesabu tu. Kila kipimo, yaani kipande kimoja cha mdundo unaojirudia, kina noti 8 fupi, nne na nne, zinazokwenda kasi, na mguu hugonga sakafu mwanzoni mwa kila nne. Jigi, lahani nyingine ya ngoma, huwa na noti 6, tatu na tatu. Honipaipu, nayo lahani ya ngoma, ina hesabu ya rili, ila huenda taratibu na kuchechemea kidogo.

Kwa kawaida sehemu ya kwanza ya rili ina vipimo 8 na hupigwa mara mbili, kisha sehemu ya pili vivyo hivyo, jumla vipimo 32. Zipo zenye sehemu tatu au zaidi, lakini hesabu ya 8 ni nadra sana kuvunjwa, kwa sababu hatua za wachezaji zimepangwa juu yake. Mpiga filimbi akiruka kipimo kimoja, mguu wa mchezaji unabaki hewani. Rili ikishazunguka mara mbili au tatu, wapigaji huingia rili nyingine bila kusimama, na mkufu huo huitwa seti.

Filimbi ya bati inayotumika zaidi ni ya ufunguo wa D. Ina matundu 6 na oktava mbili, yaani ngazi ileile ya noti kwa sauti ya chini na ya juu. Ya juu unaipata kwa kuongeza pumzi, vidole vikikaa karibu vilevile. Robert Clarke alianza kuzitengeneza Uingereza mwaka 1843, na mpaka leo ni ala ya bei nafuu. Lahani zilizozaliwa kwenye fidla wakati mwingine hushuka chini ya D, noti ya chini kabisa ya filimbi hii. Hapo mpiga filimbi huzipandisha noti hizo oktava moja na kuendelea.

Sasa jambo lenyewe. Noti zilizoandikwa si rili kamili. Ni mifupa yake. Chukua noti ndefu ya G, matundu matatu ya juu yakiwa yamezibwa. Kwenye karatasi ni noti moja tu. Mpigaji wa Ireland huipiga G, anainua kidole kimoja cha mkono wa juu na kukirudisha hapohapo, anarudi G, anagonga tundu la nne kwa kidole cha mkono wa chini na kukiondoa, kisha anamalizia na G. Pumzi haikatiki. Pambo hilo huitwa roli, na ukilisikia vizuri halifanani na noti tano. Ni G moja inayodunda. Duru ijayo huenda asiliweke kabisa, aweke noti tatu za kawaida mahali pake. Duru zote mbili ni rili ileile.

Ndiyo maana kujifunza kwa sikio hakuna mbadala. Mwalimu hupiga vipimo viwili, wanafunzi wanarudia hadi vikae, kisha viwili vingine. Hivyo ndivyo madarasa mengi yanavyokwenda Miltown Malbay, jimbo la Clare, Ireland, ambako shule ya kiangazi inayoitwa kwa jina la mpiga zumari Willie Clancy imekuwapo tangu 1973. Kwa filimbi, msikilize Mary Bergin, aliyetoa albamu yake ya kwanza 1979. Sikiliza anavyopumua, kwa sababu huacha noti nzima ili apate pumzi na mdundo haupotei.

Karatasi nayo ina heshima yake. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork, Ireland, aliyekuwa mkuu wa polisi Chicago, alikusanya lahani kutoka kwa wahamiaji wenzake na mwaka 1903 akachapisha 1,850. Uandishi wa noti ulifanywa na polisi mwenzake, James O'Neill, ambaye hawakuwa na undugu. Siku hizi watu hutumiana lahani kwa mtindo wa ABC, yaani noti kwa herufi za kawaida: herufi kubwa kwa sauti za chini, ndogo kwa za juu, na G2 ni G yenye urefu maradufu. Rili nzima inaenea kwenye ujumbe mmoja wa simu. Ukimtumia mwenzako, mwambie uliisikia kwa nani, maana rili moja huwa na majina kadhaa, na jina moja hubeba rili tofauti.