Kioo cha ndege "kimepasuka"?

Shangazi amenitumia tena picha ya kioo chenye mistari kama utando wa buibui, na chini yake: "Baba, kioo cha ndege kimepasuka angani, Mungu amewanusuru!" Hii ni mara ya tatu mwaka huu.

Kwa ufupi, kinachosemwa hapo ni kioo cha mbele cha marubani kuingia nyufa ndege ikiwa hewani. Chanzo huwa mvua ya mawe, hitilafu ya umeme unaokipasha joto kisigande barafu, unyevu uliopenya pembeni, au kugongana na ndege (huyu mwenye manyoya).

Tatizo ni hicho kitenzi. Kuni hupasuliwa, mbao hupasuliwa, na mgonjwa naye hupasuliwa, ndiyo upasuaji. Tairi likipasuka, safari imekwisha. Lakini visigino navyo hupasuka, na mwenyewe anaendelea kutembea hadi sokoni. Habari inazungumzia kisigino, shangazi anasikia tairi.

Kioo cha ndege ya abiria si kipande kimoja. Ni matabaka ya kioo yaliyogandishwa pamoja kwa plastiki katikati. Mara nyingi linaloingia nyufa ni la nje, ambalo silo linalobeba shinikizo la hewa ya ndani. Rubani hupitisha ukucha au ncha ya kalamu upande wake: ikiteleza bila kukwama, tabaka la ndani ni zima. Hapo anafuata kitabu cha taratibu za dharura, pengine anashuka chini kidogo, anatua.

Kuchomoka ni habari nyingine. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kwenda Málaga ilikuwa futi 17,000 na ushei kioo kilipotoka kizima kwenye fremu yake. Rubani mkuu, Tim Lancaster, alivutwa nje nusu mwili, wenzake wakamshikilia miguu hadi msaidizi wake alipotua Southampton. Alipona. Kioo kile hakikuwa na kosa lolote: kilikuwa kimefungwa upya kabla ya safari hiyo, na bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa. Hizo sita nyingine zilikuwa fupi.

Basi shangazi, hicho cha kwenye picha kimeingia nyufa. Ungeniambia kimechomoka, hata mimi ningekata tiketi ya basi.