Kijana akilia mbele yako, weka kalamu chini

Mwaka wangu wa kwanza kazini kama daktari, aliletwa binti wa miaka 15 aliyeumwa kichwa wiki ya tatu mfululizo. Mama yake ndiye aliyejibu kila swali. Nilipomgeukia binti mwenyewe nikamuuliza usiku analalaje, midomo ikamtetemeka, machozi yakamtoka. Nami nikasema, "Basi, basi, nyamaza, utapona." Akanyamaza kweli. Nikamwandikia dawa ya maumivu, wakaondoka. Mpaka leo sijui alikuwa akililia nini.

Ile "nyamaza" nilijisaidia mwenyewe. Foleni ilikuwa ndefu, nami sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Siku hizi naweka kalamu chini, naipa kompyuta mgongo, nakaa kimya. Si rahisi. Mwaka 1984 Beckman na Frankel, watafiti wa Marekani, walichunguza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wao, wakakuta kwamba mgonjwa akianza kueleza shida yake hukatizwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Na huyo anaongea. Sembuse mwenye kwikwi!

Boksi la tishu liwe karibu naye tangu mwanzo. Ukimsukumia chozi la kwanza linapodondoka, anasikia: jifute, tuendelee. Kumgusa, hata begani, naomba ruhusa kwanza, maana huenda aliyemuumiza naye alianzia begani.

Maneno yawe machache. "Pole. Naona hili limekulemea" yanatosha. "Nakuelewa" siisemi, kwa sababu bado hajaniambia kitu, naye anajua hivyo. "Yatapita tu" ni mbaya zaidi. Sehemu ya ubongo inayosaidia kuzituliza hisia huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo kuachwa na mpenzi au kufeli mtihani kunamwelemea kwa uzito ambao sisi tumeshausahau. Hadeki.

Mzazi namwomba atupishe kidogo, nikimweleza kwamba nafanya hivyo kwa kila kijana, asije akadhani anashukiwa. Kisha namwambia kijana mipaka ya siri kabla hajafungua mdomo: ya kwake yatabaki kwangu, ila nikiona uhai wake au wa mwingine uko hatarini, au kuna mtu anamdhuru, itabidi niwahusishe wengine. Daktari anayeahidi siri isiyo na mipaka anajitega mwenyewe.

Halafu lipo swali ambalo wenzangu wengi hulikwepa: "Umewahi kuwaza kujiua?" Wanaogopa kumtia wazo kichwani. Tafiti hazijaonyesha kwamba kuuliza kunalileta wazo hilo, na mara nyingi nimewaona vijana wakishusha pumzi kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akijibu ndiyo, haachwi peke yake. Nauliza kama ana mpango na ana nini karibu cha kujidhuru, namwambia kwamba mzazi lazima ajue, na siku hiyo hiyo namkabidhi mkono kwa mkono kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Juzijuzi kijana wa kiume wa miaka 17 aliivuta kofia hadi machoni, mabega yakaanza kumcheza. Nikamwambia, "Tunaweza kukaa tu." Tukakaa. Muuguzi akachungulia mlangoni, nikamwashiria asubiri. Baada ya muda, akiwa bado ndani ya kofia, akasema, "Daktari, baba asiingie kwanza."

Nikasogeza kiti.